Magunia Mia Tano Tisini na Saba na Jiwe Moja

Wenzangu wa bohari, niaje.

Mliponiaga mliniomba niandike kazi ilivyokuwa, mkasema kurasa mbili tatu mtazibandika ubaoni. Ubao huo naujua. Unabeba karatasi sita, na mbili kati yake ni notisi za choo. Zangu zikizidi, bandueni za choo. Kila mtu anajua kiliko.

Mshahara na vyeo sitaviandika. Mshahara hamna la kujifunza hapo, na vyeo vyangu vyote mliviona: nilikuwa chini ya rundo, kisha nikawa juu ya rundo, na rundo lilikuwa lile lile. Nitaandika juu ya ile fomu mnayoilaani, ya kupokea mzigo, yenye safu mbili, Kushoto na Kulia. Najua mnavyofanya. Mnajaza Kushoto, kisha mnanakili namba hiyo hiyo Kulia, mnaenda chai. Nimewaona kutoka dirishani, na nikawaona tena kutoka mlangoni, kwa hivyo nina uhakika. Nataka mjue fomu hiyo ilitoka wapi, kwa sababu kabla haijawepo, mzee mmoja alikaribia kupoteza kazi na pensheni yake yote. Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nilipoajiriwa, gunia la juti lilikuwa mali ya serikali tangu kuzaliwa hadi kufa. Nyuzi zililetwa na meli, serikali ikalipia. Kiwanda kilichosokota na kufuma kilikuwa cha serikali. Upana, urefu, mstari wa kijani katikati, yote yaliamuliwa na kamati. Gunia likishabeba mahindi, serikali ilitaka lirudi, lishonwe, libebe tena. Ndiyo maana bohari ya Kawangware ikawepo: kupokea magunia yaliyotumika, kuyachambua, kuyashona na kuyangojea mavuno. Na kwa kuwa magunia mengi yalikuwa yakitorokea Kibera, walitafuta mtu wa Kibera ayarudishe. Mimi nilikuwa nakaa Silanga, karibu na bwawa, nikiuza mboga za sukuma. Aliyenihoji aliniuliza kama najua kubishana bei. Nikamuuliza kazi ni ya siku ngapi kwa wiki. Akasema sita. Nikasema tano na nusu. Akaandika jina langu.

Siku ya kwanza nilitoka Silanga asubuhi, nikapita katikati ya Kibera hadi Ayany, nikapanda hadi Olympic, nikavuka barabara ya Ngong, nikashuka Kawangware. Mlangoni nilimkuta Mzee Farajalla, mtunza bohari, Mnubi wa Makina, Kibera. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya mviringo na birika la chai ya tangawizi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hakuniuliza hali. Alinitupia gunia kuukuu.

"Hilo lilibeba nini?"

Nikalinusa, likanuka samaki wakavu. "Omena."

"Kabla ya omena?"

Nikalikung'uta. Chini ikadondoka punje moja ya maharagwe, na vumbi jeusi. "Maharagwe. Na makaa."

"Lilianza na nini, makaa au maharagwe?"

Sikujua. Akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho wiki hiyo. "Mimi pia sijui. Lakini umeuliza tumbo lake. Wengine huliangalia tu mgongo."

Tangu siku hiyo sijawahi kuliona gunia nikaliacha bila kulikung'uta. Nimekung'uta vifungo, kitambulisho cha mtu, jino la mtoto, na mara moja barua ya mapenzi iliyokuwa imesafiri na viazi. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa mbaya mara zote mbili.

Mzee alinifundisha vifaa vitatu. Shazia, ile sindano nene ya kushonea gunia, ambayo haiwekwi kinywani hata kwa sekunde moja. Uzi wa katani, unaopakwa nta ya mshumaa usikatike. Na dole gumba. Dole gumba ndiyo mashine ya kuhesabia. Gunia likikunjwa na kupangwa, pembe zake mbili za chini hujitokeza pembeni kama masikio. Unapitisha dole gumba ukihesabu masikio ya kushoto tu, unaandika. Kisha unazunguka fungu zima, unahesabu ya kulia, unaandika. Namba zikilingana, ndiyo hiyo. Zisipolingana, ama gunia moja limekunjwa vibaya, ama wewe ulikuwa unawaza chakula. Zikishalingana unafunga fungu kwa kamba, na fundo lako mwenyewe. Fundo la Mzee lilikuwa la mizunguko mitatu. Langu ni la miwili na mkia. Ukiona fundo, unajua nani alihesabu na nani wa kulaumu.

Kazi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa Mama Otieno. Wengine wenu mmemjua akiwa mzee, wakati ule alikuwa na nguvu za kubeba gunia la makaa peke yake na bado akakutukana njiani. Aliuza makaa Silanga mbele ya chumba chake, na nyuma ya chumba alichemsha maharagwe ya kuuza katika sufuria mbili kubwa kama ngoma. Nilienda kununua magunia yake matupu. Alinipa lumbesa, mnazijua, gunia ambalo madalali wameliongezea kichwa cha nusu gunia jingine ili mkulima ajaze zaidi kwa bei ile ile.

"Hii ni gunia moja na nusu," akasema.

"Ni gunia moja limevaa kofia."

"Kofia ni ya bure? Wewe ukienda kununua kofia unapewa bure?"

"Serikali inanunua gunia. Hainunui kofia."

"Yawa! Basi toa kofia, uniachie. Hiyo gunia yako ukae nayo."

Nikakaa chini, nikafumua ule mshono wa dalali kwa shazia, uzi mmoja mmoja, jua likiniangalia. Alisimama mikono kiunoni. Nilipomaliza nikampa ile nusu, akaigeuza, akaona ina tundu.

"Hii ndiyo kofia? Ina shimo."

"Ndiyo ulitaka kuniuzia."

Alicheka hadi akashika ukuta. Baada ya hapo aliniuzia magunia miaka yote, na hakuna siku tulikubaliana bei ya kwanza.

Sasa niwaambie serikali ilivyosimamia mambo haya, maana vijana mnadhani tulikuwa tumelala. Hatukulala. Tulisoma nyaraka. Ofisi kuu ilikuwa ikituma waraka karibu kila wiki. Waraka wa rangi ya kamba. Waraka wa kutafsiri waraka uliopita. Picha ya mkurugenzi ukutani ilibadilishwa mara nyingi kuliko balbu, na msumari ulikuwa ule ule. Sisemi walikuwa wabaya. Bei moja kwa nchi nzima ilimsaidia mkulima asinyonywe, na gunia la kipimo kimoja ndilo lililokuwa likimtisha dalali wa lumbesa. Shida ni kwamba aliyeamua hakuwahi kunusa gunia la omena.

Siku moja ukaja waraka na lori. Lori lilikuwa limebeba mzani, wa chuma, wenye sindano na uso kama saa ya stesheni. Waraka ulisema kuhesabu kwa mkono kumepitwa na wakati. Kuanzia sasa mzigo utapokewa kwa uzito, na kwa kuwa gunia la kipimo cha serikali ni kilo moja, kila kilo itaandikwa gunia moja. Mzee Farajalla aliusoma, akaukunja, akauweka chini ya birika lake. Mzani akaufunika kwa gunia.

"Mzee, tusiutumie?"

"Tutautumia. Tupime kwanza, tuhesabu baadaye. Namba ya kuandika ni ya dole gumba."

Hiyo ilikuwa kukaidi amri, lakini alikaidi polepole na bila kelele, na ofisi kuu haikujua.

Halafu ikaja Aprili. Mvua ya mwaka ule ilinyesha kana kwamba imelipwa. Mzee alifiwa na dada yake kule Makina, akaondoka asubuhi kwenda mazishini. Mlangoni aliniambia maneno mawili: "Hesabu masikio." Saa nne likaingia lori la magunia kutoka maghala ya nafaka ya mashambani, turubai lake limechanika. Dereva alikuwa na haraka, wabebaji walikuwa na baridi, na mimi nilikuwa na viatu vilivyojaa maji. Kuhesabu mzigo ule, kushoto na kulia, kungetuchukua hadi kesho yake jioni. Nikaufunua mzani. Nikajiambia waraka ni wa serikali, na Mzee si serikali. Tukapima. Kilo elfu tano na mia nne. Nikaandika magunia elfu tano na mia nne. Mafungu tukayapandisha juu yakiwa yamefungwa kwa kamba za yalikotoka, bila fundo langu.

Mzee alirudi kesho yake, macho mekundu. Akaiangalia karatasi. Akaniangalia. Akapanda ngazi, akayatazama mafungu kwa muda, akashuka. Akaweka sahihi yake chini ya namba yangu, kwa sababu yeye ndiye mtunza bohari. Hakuniuliza kitu. Nikadhani nimepona.

Magunia yale yalikaa. Yalikuwa yakingoja barua ya kuyatoa kwa wakulima, na barua ilifika mavuno yakiwa yameshaliwa. Kwa hivyo Februari, jua likiwa limeivisha hata mabati, yalikuwa bado juu pale pale alipokuja mkaguzi wa ofisi kuu. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, aliyesema samahani kabla ya kila swali. Akapima mzigo wote. Kilo elfu nne mia nane na tatu.

"Samahani," akasema. "Yaliyoandikwa ni elfu tano na mia nne."

Mzee akanywa chai. Mimi nikasema mzani umeharibika, tuhesabu kwa mkono. Nilijiamini kabisa. Tukahesabu siku mbili, mkaguzi akiandika. Masikio ya kushoto, elfu nne mia nane na matatu. Ya kulia, elfu nne mia nane na matatu. Sijawahi kuchukia namba kulingana kama siku ile. Magunia mia tano tisini na saba hayakuwepo. Kufuli ya bohari ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mzee Farajalla.

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Mkaguzi alimpa barua kwa mikono miwili, akasema samahani mara tatu. Kamati ingekaa baada ya wiki mbili. Asipoeleza magunia yalikokwenda, angefukuzwa bila pensheni, na alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Miaka yote ile, halafu unafukuzwa kama mwizi wa magunia. Na Kibera ukitaka ushahidi wa wizi wa magunia huangalii mbali: mstari wa kijani uko kwenye pazia la choo, kwenye kiti cha kinyozi, kwenye ukuta wa kibanda cha chapati. Ulikuwepo tangu zamani. Lakini mtu akishaitwa mwizi, kila pazia linakuwa shahidi.

Aliniachia ufunguo na birika. Birika ndilo lililoniogopesha.

Sasa hapa ndipo udadisi uliponisaidia, maana akili ilikuwa imegoma. Nilikuwa na hakika Mzee hajaiba. Nilikuwa na hakika sijaiba. Panya hawali mia tano wakaacha elfu nne bila alama. Kwa hivyo nikaanza kuushuku mzani tena. Nikachukua fungu moja la magunia ishirini na matano, nikalipima asubuhi nilipofungua: kilo ishirini na tano na nusu. Nikalipima tena alasiri: ishirini na tano kamili. Kesho yake vivyo hivyo, nusu kilo inakuja asubuhi na kuondoka mchana kama mfanyakazi wa mjengo. Nikasema, mzani ni mgonjwa, tumeshinda. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikaokota jiwe kubwa nje, la kuzuia mlango, nikalipima asubuhi na alasiri siku tatu. Jiwe halikubadilika hata kwa unywele.

Basi mzani ulikuwa mzima. Gunia ndilo lililokuwa likibadilika.

Nikakaa juu ya jiwe nikafikiri. Asubuhi kuna umande, alasiri kuna jua. Kama umande wa Februari, ambao hauwezi hata kulowesha kitambaa, unaongeza nusu kilo, je, mvua ya Aprili? Nilikumbuka wabebaji siku ile wakilalamika kwamba mafungu ni mazito, na mimi nikiwaambia waache uvivu. Lakini Februari mvua ningeitoa wapi? Nikamkumbuka mtu ambaye chumba chake kinanyesha kwa ndani mwaka mzima.

Nilibeba fungu mgongoni hadi Silanga. Mama Otieno alikuwa akikoroga maharagwe, mvuke umejaa, kuta zinatoa jasho.

"Nataka kuanika magunia hapa ndani," nikasema.

"Kuanika? Kwa mvuke? Nafula, umepatwa na nini?"

"Siku mbili tu. Yasiguse maji. Yaning'inie tu."

"Na mimi napata nini?"

"Unamsaidia Mzee Farajalla."

"Mzee Farajalla ananisaidia kuchemsha?" Akakoroga. "Gunia moja. Mpya. Yenye haina kiraka."

"Ni mali ya serikali, Mama. Siwezi kukupa hata uzi. Kamati ikikuta ishirini na manne, na mimi naenda nyumbani."

"Basi utanipa siku gani?"

"Siku nitakayokuwa na gunia langu mwenyewe."

"Hiyo ni siku gani?"

"Sijui. Lakini nitakuletea."

Alinitazama, akaona sibishani tena, na nadhani hilo ndilo lililomshtua. Akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta.

Siku ya tatu niliyachukua. Nilipoyashika, hayakuwa na maji. Huo ndio ujanja wa juti, vijana, na naomba muushike: linakunywa hewa yenye unyevu, linashiba, na bado mkononi unaliona kavu. Yalinuka maharagwe, basi. Nikaenda nayo moja kwa moja ofisi kuu, asubuhi ya kamati, fungu begani na jiwe kwenye kikapu. Askari wa lango aliandika kwenye daftari la wageni: Nafula, magunia ishirini na matano, jiwe moja. Akauliza jiwe ni la nini. Nikamwambia ni shahidi. Akaandika shahidi.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mkubwa wa mipango. Mzee Farajalla alikaa kwenye kiti cha peke yake, kofia magotini. Nikaomba mzani wa stoo yao uletwe. Jiwe likapimwa mbele yao, mkaguzi akaandika. Fungu likapimwa: kilo ishirini na nane, na sindano ikapita kidogo. Nikawaomba wayashike kama yamelowa. Mwenyekiti alishika moja kwa vidole viwili. "Ni kavu," akasema, akanusa vidole. Nikaomba tuyatandaze juani, uani, hadi watakapotoka chakula cha mchana. Wakacheka, lakini njaa iliwauma pia.

Saa nane tukapima. Jiwe, lile lile. Fungu, ishirini na tano na robo.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza kwanza. "Na hizo kilo tatu zimekwenda wapi?"

"Hewani," nikasema. "Zilipotoka."

Yule mkaguzi mpole alikuwa tayari ameinamia karatasi. Akagawa, akazidisha, akafuta miwani, akarudia. Akasema samahani. Kama mzigo wa Aprili ulikuwa na unyevu wa kiasi kile, kilo elfu tano na mia nne zilikuwa magunia elfu nne na mia nane na ushei. "Hayakuibwa," akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Hayakuwahi kuwepo. Ni maji."

Mwenyekiti akageukia Mzee. "Farajalla, ulipokea mzigo huu bila kuhesabu?"

Mzee akafungua mdomo. Nikajua atasema ndiyo. Niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Nikasimama kabla hajasema.

"Hakuupokea yeye. Alikuwa mazishini. Niliupokea mimi. Aliniambia nihesabu masikio, nikaona uvivu, nikapima."

Nilikuwa nangoja kuambiwa nitoe kitambulisho cha kazi. Lakini mkaguzi akainua karatasi nyingine, ule waraka wa mzani.

"Samahani, mwenyekiti. Waraka uliwaagiza wapime. Aliyeukaidi waraka ni Mzee, siku zote alizokuwa akihesabu. Siku hiyo huyu mama ndiye aliyeutii."

Mwenyekiti aliuchukua waraka. Akausoma hadi chini, kwenye sahihi, iliyokuwa yake mwenyewe. Akaitazama sahihi ile kwa muda, jinsi mtu anavyotazama viatu vyake mwenyewe kwenye miguu ya mtu mwingine. Kisha akauweka mezani kifudifudi na kusema kikao kimefungwa.

Barua ilikuja baada ya wiki moja. Mzee Farajalla arudi kazini, astaafu kwa wakati wake na haki zake zote. Magunia mia tano tisini na saba yafutwe kwa sababu za kimaumbile. Nyuma ya barua palikuwa na fomu mpya: uzito kwa kumbukumbu tu, na idadi kwa mkono, safu mbili, Kushoto na Kulia. Hakuna aliyetajwa kuwa ndiye aliyeibuni. Mimi sikudai.

Siku aliyorudi nilimchemshia chai kwenye birika lake, nikamuuliza. "Mzee, ulijua sikuhesabu?"

"Mafungu hayakuwa na fundo. Niliona siku ile ile."

"Mbona hukusema? Hata kwa mkaguzi hukusema."

Akanywa, akakunja uso. Nilikuwa nimeweka tangawizi kidogo. "Ningesema, ungefukuzwa. Halafu nani angebishana na Mama Otieno? Mimi?"

Miezi yake ilipotimia akastaafu. Alizikwa miaka kadhaa iliyopita, kule kwao Makina. Nilienda. Nilihesabu waliokuja, nikakosea, nikaacha.

Baada ya hapo yaliyobaki mnayajua. Gunia la plastiki likaja, jepesi, halinywi maji, halishonwi, likichanika linatupwa bwawani. Kiwanda kikapunguza mitambo, ofisi kuu ikahamia vyumba viwili, na bohari yetu imebaki na nusu ya paa. Sasa nasikia watu wanataka juti tena, kwa kuwa plastiki imewachosha. Sijui kama serikali itaamka au itaandika waraka. Nataka sana kujua. Mkijua, mniambie.

Wiki iliyopita mlinipa zawadi ya kuniaga: keki, na gunia jipya la juti kutoka kiwandani, mstari wa kijani ukingali unang'aa, bila kiraka. Mlisema ni la ukumbusho, nilitundike ukutani. Asanteni. Sikulitundika.

Kesho yake nilishuka nalo Silanga. Mama Otieno siku hizi hachemshi, anakaa mlangoni na kuwaambia wajukuu wanachemsha vibaya. Nikamwekea magotini.

"Hii ni nini?"

"Gunia lako. Nilikuambia nitaleta siku nitakayokuwa na langu."

Akalifungua, akaingiza mkono tumboni mwake hadi begani, akatafuta tundu. Hakulipata. Akalipima kwa mikono, juu chini.

"Ni nzito. Umeleta wakati wa mvua makusudi."

"Mama, ni Januari."

"Mm." Akalikunja vizuri magotini, akashika pembe moja ya chini kwa dole gumba. "Moja," akasema. Akaligeuza, akashika pembe ya pili. "Moja."

Akainua macho.

"Haya, Nafula. Imelingana."